Elbo ndefu, elbo fupi au kona ya kukata? Jibu kwa fundi wa Manyoni

Swali: Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Manyoni. Nimepewa kazi ya kuunganisha bomba la chuma la inchi 4, skejuli 40 (daraja la unene wa ukuta), kutoka kisima kirefu kwenda kwenye tangi lililoko kilimani, kimo cha mita 100 hivi, na kipande cha mwisho cha njia ni cha plastiki. Duka moja la Dodoma lina elbo (viungio vya kona) za nyuzi 90 za aina mbili, ndefu na fupi, na ile fupi ni nafuu. Mwenzangu anasema nisinunue yoyote, nikate bomba kwa nyuzi 45 nichomelee kona mwenyewe. Nichague ipi, na nitaikaguaje?

Jibu: Ndugu fundi, nunua elbo ndefu, ile fupi ifikirie tu ndani ya kibanda cha pampu, endapo nafasi itakubana. Tofauti yao iko kwenye nusu kipenyo cha mpindo, kikipimwa katika mstari wa katikati: kwa elbo ndefu ni mara 1.5 ya ukubwa wa bomba unaotajwa kwa inchi, na kwa fupi ni sawa na ukubwa huo. Kwa makadirio ambayo wahandisi huyatumia, elbo fupi huyazuia maji karibu mara 1.4 ya ndefu, na kona iliyokatwa mara moja huyazuia zaidi ya mara nne. Hata hivyo, kwenye njia ndefu yenye kona chache, hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na msuguano wa bomba zima, kwa hiyo si sababu yangu kubwa ya kumkatalia mwenzako. Sababu kubwa ni kwamba ukuta wa bomba hubadili mwelekeo ghafla palepale penye mshono, na mkazo wa presha hujikusanya hapo. Kona za kukata zina mahali pake kwenye mabomba makubwa ya presha ndogo, tena zikiundwa kwa vipande kadhaa vinavyogawana pembe.

Elbo ya kiwandani ya ukubwa wako kwa kawaida hutengenezwa kutokana na kipande cha bomba chenye kipenyo kidogo kuliko elbo yenyewe. Kipande hicho hupashwa moto na kusukumwa juu ya kalibu ya chuma yenye umbo la pembe ya ng'ombe, kikipinda na kutanuka kwa pamoja. Utanuzi huo ndio siri ya njia hii, kwa sababu chuma kilichosongamana upande wa ndani wa mpindo husambaa kuelekea nje, na unene wa ukuta hubaki karibu sawa pande zote. Bomba likipindwa tu bila kutanuliwa, upande wa nje huwa mwembamba na wa ndani hunenepa. Elbo kubwa sana hukandamizwa kutoka kwenye bamba kwa nusu mbili, kisha nusu hizo huchomelewa pamoja. Mishono yake si kasoro, mradi imekaguliwa.

Dukani, nenda na futi kamba. Simamisha elbo kwa mdomo mmoja juu ya sakafu iliyo sawa, kisha pima kutoka sakafuni hadi katikati ya mdomo wa pili: ndefu ya inchi 4 itatoa milimita 152, na fupi 102. Kipenyo cha nje kiwe milimita 114.3, sawa na bomba lako. Ukuta wa skejuli 40 ni milimita 6.02, na kiwango cha ASME B16.9, cha Marekani cha viungio vya kuchomelea, hakiruhusu popote upungue chini ya asilimia 87.5 ya unene huo, yaani takriban milimita 5.3. Tafuta pia maandishi yaliyogongwa mwilini. Kwa chuma cha kaboni utakuta WPB (alama ya daraja la chuma hicho), ukubwa na skejuli. Elbo isiyo na alama yoyote mimi siinunui kwa kazi ya presha, hata muuzaji akiapa.

Midomo yake huja imechongwa kwa mshazari wa nyuzi 37.5, ikiachwa ncha butu ya milimita 1.6. Chonga bomba lako vivyo hivyo kwa grenda, na uache mwanya mdogo ili mshono upenye hadi ndani. Kama bomba ni la mabati, ondoa kwanza zinki pembeni mwa mshono na ufanye kazi penye hewa, kwa maana moshi wake huleta homa.

Sasa hiyo plastiki. Kimo cha mita 100 ni karibu bar 10 pale chini kabisa ya njia, na kwa presha hiyo kona ya nyuzi 90 ya inchi 4 husukumwa nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja na nusu. Katika chuma kilichochomelewa, bomba lenyewe hubeba nguvu hiyo. Kwenye plastiki yenye maungio ya kuchomeka na mpira, maungio yatachomoka, kwa hiyo kila kona ya upande huo, pamoja na kona ya chuma iliyo jirani na ungio la aina hiyo, imwagiwe zege linaloegemea udongo usiochimbwa, kabla ya kujaribu njia kwa presha.