Geta za mbao za nyumba iliyovunjwa: anza na kichwa cha ubao

Ukitaka kutengeneza geta, zile ndara za mbao za Wajapani, kwa mbao kuukuu, usikimbilie msumeno. Utazame kwanza ubao wako kichwani, pale ulipokatwa, ambapo pete za mti zinaonekana. Hapo ndipo utakapojua kama ndara zitadumu au zitang'oka jino.

Sababu yake ni hii. Geta ni kibao cha kukanyagia chenye meno mawili chini na gidamu inayopita kwenye matundu matatu. Zile za kawaida, zinazoitwa renba, huchongwa kibao na meno yake katika kipande kimoja. Nyuzi za mbao hulala kutoka vidoleni hadi kisiginoni, kwa hiyo hakuna uzi hata mmoja unaoshuka kutoka kwenye kibao na kuingia katika jino. Ukijikwaa kwenye jiwe, jino husukumwa kwa ubavu, na mbao huweza kupasuka kwa kufuata pete zake. Pete zikilala sambamba na kibao, ufa umeshapata njia. Zikisimama wima, ufa haupati njia hiyo. Ubao wenye pete wima pia haupindi ovyo unapolowa na kukauka, na juu yake utaona mistari iliyonyooka toka mbele hadi nyuma. Mistari hiyo Wajapani wanaiita masame, na geta zenye mistari mingi iliyokaribiana ndizo za bei ya juu.

Hapa Kyushu, kisiwa cha kusini mwa Japani ninapoishi, mbao za namna hiyo hazina wa kuzitaka. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zilihesabu nyumba tupu zipatazo milioni 9 Japani nzima, na nyingi za vijijini ni za mbao. Zikivunjwa, boriti hukatwakatwa na kupakiwa kwenye lori. Inaniuma kila nikiona. Mti uliokua miaka sitini au sabini, ukakaa paani miaka mingine kama hiyo ukikauka taratibu, unaishia kuwa kuni! Zungumza na mwenye nyumba au msimamizi wa wabomoaji kabla kazi haijaanza, kwa adabu, na uwaambie unachotaka ni vipande vifupi tu. Mara nyingi watakupa.

Chagua sugi. Ni mwerezi wa Kijapani, mwepesi, na mji wa Hita, mkoani Oita, unajulikana kwa geta zake. Hinoki ya nguzo, yaani saiprasi ya Kijapani, nayo ni nzuri, ila ni nzito kidogo. Msonobari wa boriti za paa una utomvu mwingi, na keyaki, mbao ngumu na nzito, itakuchosha miguu. Mbao iliyosifiwa kupita zote kwa geta ni kiri, yaani paulonia, iliyo nyepesi sana, na ukibahatika kupata kabati kuukuu la nguo la kiri, usiliache. Mbao zake ni nyembamba mno kwa kuchonga meno, lakini zinafaa kwa geta za sashiba, ambazo meno yake huchongwa mbali kwa mbao ngumu na kupachikwa kwenye mfuo chini ya kibao. Asikuvunje moyo mtu anayesema geta bila kiri si geta. Matsunaga, huko Fukuyama, ulikua na kuwa mji mkubwa wa geta kwa kutumia mbao za bei nafuu kuliko kiri.

Misumari ndiyo adui. Pitisha sumaku pande zote nne, kisha tumia macho: chuma kikikaa ndani ya sugi kwa miaka, mbao inayokizunguka huwa nyeusi, doa refu linalofuata nyuzi. Ukiona doa hilo na huoni kichwa cha msumari, basi msumari umekatikia ndani. Kata kipande hicho ukitupe, usijaribu kuuchimbua. Acha pia mbao za chini kabisa ya nyumba, zile zinazokaribia ardhi, maana mara nyingi zimepakwa dawa ya mchwa, na mguu wako mtupu utazitolea jasho kutwa. Mbao zenye rangi ya zamani usiziguse. Kama unatumia mbao za kreti za mizigo, tafuta mhuri: HT maana yake zilipashwa moto, MB zilifukizwa dawa. Chukua za HT.

Kwa mguu wa mwanamume mimi hukata urefu wa sentimita 24, upana 10, na kimo cha 5, ambapo kibao kinachukua 2 na meno 3. Jino nalipa unene wa sentimita 2 na nusu, wala silipunguzi. Kisigino kikizidi kibao kidogo kwa nyuma, usishtuke. Ndivyo geta zinavyovaliwa. Mafundi wa zamani walikuwa na ujanja ninaoupenda sana: walipasua kipande kimoja kinene kwa msumeno mwembamba ili meno ya geta ya kwanza yatoke kwenye nafasi iliyo kati ya meno ya geta ya pili, kama vidole vya mikono miwili vilivyopishana. Hakuna kinachopotea, na jozi inakuwa na mistari inayofanana.

Tundu la mbele hukaa katikati ya upana, mbele ya jino la mbele. Mawili ya nyuma hukaa mbele kidogo ya jino la nyuma. Toboa kwa keekee kuanzia juu, na ncha ikianza kuchungulia upande wa pili, geuza umalizie kutoka chini, la sivyo mbao itabanduka.

Usipake vanishi. Mguu utateleza. Choma uso wa kibao kwa moto wa gesi hadi uwe mweusi, kisha sugua kwa brashi ya waya laini kwa kufuata nyuzi. Sehemu laini za pete huungua na kutoka, ngumu hubaki zimeinuka, na unyayo unapata pa kushika. Malizia kwa kitambaa kikavu mpaka masizi yaishe.

Gidamu nashona kwa kanga iliyochakaa, nikiijaza pamba na kupitisha kamba imara ndani. Kipande cha mbele, kile kinachokaa kati ya vidole, kinashika gidamu na kufungwa fundo chini ya kibao. Kaza kiasi kwamba kidole kimoja cha mkono kinapita kwa shida kati ya gidamu na mbao, maana italegea yenyewe ukianza kutembea. Waliokua pwani wakiona wazee wakivaa mitalawanda yenye msuruaki hawatapata tabu kuzoea, ingawa gidamu ya kitambaa ni laini zaidi kwa kidole gumba.

Walioko Kenya na Tanzania wasio na sugi watumie saiprasi kuukuu ya kenchi. Ni jamii moja na sugi na hinoki. Na kwa kuwa geta hazina kulia wala kushoto, badilisha miguu kila baada ya muda, meno yaishe sawasawa pande zote.