Mwandishi naye ana nyumba ya kulisha: majibu kwa maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka Mwanga hadi Kasulu, na mengi yanahusu pesa. Sioni aibu kuzizungumzia. Anayeandika anafanya kazi, na kazi ina ujira.

Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha sita, nataka kuishi kwa uandishi tu, hapahapa Kigoma. Inawezekana? (Kijana, Mwanga)

Marahaba mwanangu. Inawezekana, ila usitegemee kitabu peke yake. Piga hesabu nami. Tuseme mchapishaji anakupa mrabaha wa asilimia 10 na kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Kila nakala inakuletea shilingi 1,000. Zikiuzwa nakala 1,000, na kwa hadithi ya Kiswahili hilo ni la kushukuru, umepata shilingi milioni moja kwa kazi iliyokula mwaka au zaidi. Tena mrabaha hulipwa baada ya mauzo, na tumbo halina subira hiyo. Wanaoishi kwa kalamu wanachanganya: makala za magazeti, matangazo ya redio, uhariri wa tasnifu, tafsiri. Mkoa wetu una kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, na mashirika ya huko huhitaji watu wa lugha. Kama Kiha ni lugha ya nyumbani kwenu, Kirundi hakitakusumbua. Jifunze na Kifaransa.

Mtaa mzima unanijia niwaandikie: risala, barua ya kuomba kazi, wasifu wa marehemu. Wote wanasema “nisaidie tu”. Nitoze? (Mama wa watoto watatu, Ujiji)

Toza, dada yangu, isipokuwa kwenye msiba. Wasifu wa marehemu ni mchango wako, wenzako wanapoleta mchele na kuni. Na uuandike kwa moyo wote. Keti na wazee, uliza alizaliwa wapi, aliingia mjini lini, alifanya kazi bandarini au relini, aliugua tangu lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Soma majina yote mbele ya familia kabla ya mazishi, kwa sababu mtoto aliyesahauliwa kwenye wasifu wa baba yake hasahau. Sijaona shule ya uandishi inayoishinda hiyo: maisha ya miaka 70 kwenye ukurasa mmoja, mbele ya watu waliomjua.

Risala ni habari nyingine. Kikundi kinachomwalika mgeni rasmi kimelipia viti, turubai, muziki na chakula. Kwa nini aliyekaa usiku kucha akipanga historia ya kikundi, mafanikio, changamoto na maombi apewe soda? Taja bei kabla hujaanza na upokee nusu. Hivyo hivyo kwa andiko la mradi la kuombea mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukiambiwa “tutakulipa mkopo ukitoka”, kataa kwa upole. Mkopo ukichelewa au usipotoka, kazi yako umeshaifanya.

Barua ya kijana anayetafuta kazi? Hapo mimi naandika bure, kisha namkalisha aandike ya pili mwenyewe. Wewe amua kwa kadiri ya nafasi yako.

Mchapishaji mmoja ameupenda mswada wangu lakini anataka nimlipe shilingi milioni moja na nusu. Nikubali? (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu, muulize kwanza: yeye ni mchapishaji au mwenye mashine ya kuchapa? Mchapishaji anaweka fedha zake, anahariri, anasambaza, nawe unapata mrabaha. Mwenye mashine analipwa, anakukabidhi vitabu vyote, na haki zote zinabaki kwako. Anayechukua fedha yako na haki zako pamoja, mkimbie.

Soma mkataba wote. Angalia ni wa muda gani, haki zinakurudia lini, na kama tafsiri na filamu zimeingizwa humo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo unatia saini hata kwa niaba ya wajukuu. Kuisajili kazi kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi.

Daftari au kompyuta? (Mwanachuo, Kigoma mjini)

Chochote kinachokuweka kitini. Kila jioni jitumie nakala kwa barua pepe, maana kompyuta huibwa na daftari hulowa.

Nimepeleka mswada, miezi inapita, kimya. Nimeanza kujiona sina kipaji. (Msomaji, Uvinza)

Pole sana. Kimya kinauma kuliko kukataliwa, na nakasirika kila ninaposikia habari hii, kwani mistari miwili ya jibu haimshindi mtu. Andika kuulizia mara moja, weka tarehe ya mwisho, ikipita peleka kwingine bila kinyongo. Fuatilia pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Zote hupokea miswada. Kuhusu kipaji, kimya cha ofisi hakijasoma hata sura yako ya kwanza. Mpe mtu anayesoma sana, asiye ndugu yako, umsikilize.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Ameacha boti, anaandika riwaya mchana na usiku. Nimwache? (Mke, Kibirizi)

Usimwache, mama, na usimruhusu aache boti. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Siku hizo za kila mwezi ni zake, mlinde asipewe kazi nyingine. Ziwa Tanganyika likifungwa na uvuvi ukasimama, kama ilivyokuwa kuanzia Mei hadi Agosti 2024, ana miezi mingine. Giza likirudi, aingie ziwani. Kubalianeni hivyo mbele ya mtu mnayemheshimu wote wawili, na umwombe akusomee sura moja, uone anachokiandika.