Jibu: Mistari ya rubidi haipungui nguvu
Habari ndugu, pole na kazi. Unasema mistari ya spektra ya atomi za rubidi, elektroni ikiruka kutoka ngazi ya 5s kwenda ngazi za 20p hadi 40p (namba hiyo ya mbele ndiyo n), inatoka na nguvu karibu sawa, wakati ilitakiwa ipungue n ikipanda. Anza na leza: ikate nusu kwa kichujio cha kijivu. Mstari usiposhuka nusu, umeshiba, yaani haufuati tena nguvu ya leza, hauna kipimo. Hapa Dodoma nilipoteza wiki nzima. Niliweka kichujio, mstari wa 25p haukutikisika hata kidogo! Ile yenye n ndogo ndiyo yenye nguvu zaidi, hivyo hushiba kwanza, ndiyo maana yote inafanana.

Halafu usitumie n tupu. Toa kwenye n kasoro ya kwanta (namba ya kusahihisha n ya ngazi za atomi), kama 2.65 kwa p, kisha ulinganishe kwa kipeo cha tatu cha namba inayobaki: 40p inatakiwa iwe dhaifu kuliko 20p kama mara 10, si 8. Weka grafu yako hapa tuione.