Prisons walikuwa mabingwa wa daraja lipi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa matairi hapa Malaba, upande wa Uganda. Juzi palizuka ubishi kwenye foleni ya malori. Dereva wa Dar alisema timu ya soka ya Prisons ya Kampala, waliobeba "First Division" mwaka 1968, walikuwa mabingwa wa daraja la pili, kwa sababu kwao Daraja la Kwanza lilikuwa chini ya Ligi Kuu. Mkenya naye akadai SC Villa ya Kampala ya miaka ya 80 ilikuwa timu ya ngazi ya pili, maana ilicheza Super League. Marehemu baba ameniachia daftari la mechi zake za "Second Division" na nataka kulipanga vizuri. Nifuate nini?

JIBU: Marahaba. Hao madereva hawakudanganya, ila kila mmoja amepima kwa kibaba cha kwao. Tanzania, Daraja la Kwanza lilikuwa ngazi ya pili hadi 2021, lilipobadilishwa jina na kuitwa Championship. Kenya, National Super League ni ngazi ya pili hadi leo. Uganda mambo ni kinyume: ligi ya taifa ilipoanza 1968 iliitwa First Division na juu yake hapakuwa na kitu. Katika miaka ya 80 ligi hiyohiyo ikaitwa Super League, na sasa ni Premier League. Kwa hiyo Prisons walikuwa mabingwa wa nchi, 1968 na tena 1969. Villa pia, walipochukua taji 1982, walilichukua kutoka juu kabisa.

Kwenye daftari la mzee, usiguse majina aliyoyaandika. Chora safu moja ya ziada pembeni, iite "ngazi", ujaze 1, 2 au 3. Mimi nilifanya kazi hii miaka mingi bila safu hiyo. Siku moja nikajikuta nimeipandisha daraja timu ambayo ilikuwa huko juu tayari.

Sasa hiyo ngazi ya pili yenyewe. Zamani haikuwa ligi moja ya nchi nzima. Timu zilicheza mikoani kwao, kisha washindi wakakutanishwa kwenye mchujo kutafuta watakaopanda. Tazama wapinzani wa mzee: kama wote ni wa Mbale, Tororo na Soroti, hilo ni daraja la pili la mkoa. Wakitokea ghafla watu wa Masaka au Arua mwishoni mwa msimu, basi umefika kwenye mchujo, na kurasa hizo zitunze kama hati ya kiwanja.

Big League, ligi ya ngazi ya pili ya nchi nzima, ilikuja baadaye, kuelekea 2010, ikiendeshwa na FUFA, shirikisho la soka la Uganda. Kwa miaka kadhaa iligawanywa makundi mawili yenye majina ya milima: Elgon na Rwenzori. Timu tatu zilipanda. Mbili ni vinara wa makundi, ya tatu ilipatikana kwa mtoano. Hapo ndipo wengi hukosea kuandika, kwa sababu msimu mmoja unakuwa na vinara wawili, na mtu akiona mmoja tu gazetini anamwita bingwa. Baadaye makundi yaliondolewa, timu zote zikawekwa kwenye msimamo mmoja. Chini yake kuna ligi za mikoa minane, na chini zaidi za wilaya.

Mfano uko mlangoni kwako. MYDA, vijana wa hapohapo Malaba waliokuwa wakichezea uwanja wa King George IV pale Tororo, walipanda 2020 pamoja na Kitara ya Hoima baada ya korona kusimamisha msimu. Nafasi ya tatu waliipata UPDF kwa mtoano. MYDA na Kitara walishuka msimu uliofuata. Kitara wakarudi 2023, na mwaka uliofuata wakabeba Kombe la Uganda.

Hao UPDF ndio Simba ya zamani ya Uganda, timu ya jeshi, mabingwa wa 1971 na 1978, waliofika fainali ya klabu bingwa Afrika 1972. Prisons nao siku hizi ni Maroons wa Luzira: walipanda 2017, wakashuka 2020, wakapanda tena 2022. Kwa hiyo weka na safu ya "jina la sasa", la sivyo wajukuu wako watadhani ni timu nne.

Jambo moja zaidi kabla hujafunga daftari. Ukikuta Express, klabu ya Kampala, imetoweka 1977, usiandike "wameshuka". Walipigwa marufuku na serikali ya Amin. Andika "marufuku". Na 1972 na 1973 ukiona hakuna bingwa, si kurasa zilizochanika. Ligi haikumalizika miaka hiyo.

Mkenya mwambie Villa anamdai radhi.