Ukienda Iceland, anza na Kjarval

Kosa langu la kwanza Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, lilikuwa kukimbilia nje ya mji. Ilikuwa Septemba. Nikapanda basi la watalii hadi Þingvellir, nikaona mawe meusi, na mawe mengine, nikajiuliza: ndiyo haya niliyofunga safari kuyaona? Kesho yake upepo ulivuma vibaya, nikaingia Kjarvalsstaðir, mojawapo ya nyumba za makumbusho ya sanaa ya jiji, kujificha tu.

Mchoraji Jóhannes Kjarval (1885–1972) alikuwa akienda na turubai lake la kuchorea kwenye mawe yaleyale. Wengine wanachora mlima. Yeye mara nyingi aliinamisha macho miguuni pake. Isogelee picha yake mpaka uone alama za brashi. Lile jiwe ulilodhani jeusi lina zambarau, lina rangi ya kutu, lina kijivu cha majivu ya mkaa, na juu yake kuvumwani imetandazwa vidoa kwa vidoa. Nilisimama hapo hadi mlinzi akaanza kuniangalia kwa mashaka.

Basi nisikilize mimi niliyelipa nauli ya Þingvellir mara mbili: Kjarval kwanza, mawe baadaye.

Tiketi ya Kjarvalsstaðir usiitupe. Siku hiyohiyo inakuingiza kwenye nyumba mbili nyingine za makumbusho hayo ya sanaa ya jiji. Hafnarhús ni ghala la zamani bandarini, ndiko ziliko kazi za mchoraji Erró: katuni, wanasiasa na matangazo vimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Wapo wanaompenda sana. Mimi nusu saa ilinitosha.

Ásmundarsafn ndiyo iliyonishangaza. Mchongaji Ásmundur Sveinsson aliijenga mwenyewe kati ya 1942 na 1950, nyeupe, yenye kuba, akichukua mawazo kwenye nyumba za Mediterania na piramidi za Misri. Mtu wa pwani akiiona kwa mbali atadhani amefika msikitini. Sanamu zimetapakaa bustanini, na bustani haina kiingilio.

Hapo kwenye kiingilio nisisitize, maana Iceland ni ghali, hata supu utaifikiria mara mbili. Nyuma ya makumbusho ya Einar Jónsson, mkabala na kanisa la Hallgrímskirkja, kuna bustani ya sanamu za shaba, unaingia bure. Ukitaka kazi za wasanii wa leo, nenda Marshallhúsið huko Grandi, kiwanda cha zamani cha unga wa samaki. Nilizunguka humo bila kulipa senti. Angalia tu saa za kufungua kabla hujatoka hotelini.

Jioni tembea ufukweni hadi Sólfar, sanamu ya chuma ya Jón Gunnar Árnason iliyosimamishwa 1990. Wageni wengi huiita meli ya Waviking. Mwenyewe aliiwazia kama chombo cha ndoto, wimbo wa kulisifu jua.

Mwavuli usibebe. Wangu uliniponyoka hapohapo Sólfar, ukaenda zake baharini.