Ukishuka melini, usikimbilie basi

Watu wakisikia umelipia safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania huulizia chakula, vyumba na bwawa la kuogelea. Swali la maana ni moja tu: meli inafunga gati wapi? Ratiba itakuandikia "Roma", na meli itafunga Civitavecchia, kilomita zaidi ya sabini kutoka Roma. Itakuandikia "Florence", nawe utajikuta Livorno. "Athens" ni Piraeus. Hata "Dubrovnik" ya Kroatia ni bandari ya Gruž, kama kilomita tatu kutoka mji wa kale. Ila Valletta ya Malta, Kotor ya Montenegro na Napoli ya Italia, ukimaliza ngazi ya meli umeshafika.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua siku yako. Meli hufunga saa moja au saa mbili asubuhi, na abiria hutakiwa wawe wamerudi saa kumi au saa kumi na moja jioni. Ondoa foleni ya kushuka, ondoa nusu saa ya tahadhari wakati wa kurudi, ondoa chakula. Zinazobaki ni saa sita, ukibahatika saba. Kwenda Roma na kurudi, ukihesabu basi la kukutoa bandarini, kusubiri treni na safari yenyewe, kunakula karibu nusu ya saa hizo.

Sisemi usiende Roma. Kama hujawahi kufika, nenda, lakini chagua eneo moja tu, ama Vatikani ama Koloseo. Huko, na kwengineko kulikokaa mbali na bandari, naona ina maana kulipia ziara inayouzwa melini, hata kama bei yake inauma. Basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulingoja. Wewe uliyepanda treni mwenyewe ukakutana na mgomo wa wafanyakazi wa reli, jambo la kawaida Italia, hakuna atakayekungoja. Utajilipia nauli ya kuifuata bandari ijayo. Ukiwa Roma umeshaiona, baki Civitavecchia. Bandari hiyo ilijengwa na Mfalme Trajan mwanzoni mwa karne ya pili, na pale majini ipo ngome kubwa iitwayo Forte Michelangelo ambayo maelfu ya abiria huipita kila wiki wakiwa wameinamia simu zao kutafuta saa ya treni.

Kwa miji ambayo meli inafunga chini ya kuta zake, ushauri wangu ni mwingine kabisa. Mimi nimekulia Mombasa, na wageni wa meli nawajua kutoka upande wa wenyeji. Huletwa Ngome ya Yesu kwa basi, watu arobaini wamebandikwa namba kifuani, wanamfuata mmoja aliyeinua kibao juu. Nusu ya kundi hawamsikii. Baada ya muda mfupi wanarudishwa basini, wanapelekwa duka la vinyago, basi. Mitaa ya Mji wa Kale iko pale pale nyuma ya ngome, na hawaikanyagi. Kwa hivyo nilipoanza kusafiri kwa meli mwenyewe nilijua kitu gani sitaki.

Kitu cha kwanza cha kufanya hakina tiketi. Amka kabla meli haijaingia, vaa sweta, panda sitaha ya juu. Miji hii ilijengwa iangaliwe na mtu anayetoka baharini, awe mfanyabiashara au adui, na wengi wa abiria huwa bado wamelala. Kuingia Bandari Kuu ya Valletta, mkono wa kulia unapita ngome ya St Elmo na wa kushoto Ricasoli, halafu mbele kidogo, kushoto tena, St Angelo pale Birgu, mji mdogo ulio ng'ambo ya Valletta. Mwaka 1565 jeshi la Waosmani liliizingira Malta. St Elmo ilishikilia karibu mwezi mzima kabla ya kuanguka, na muda huo mji wa Valletta haukuwapo. Kilima kilikuwa kitupu. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wapiganaji wa Kikristo waliokuwa wakiitawala Malta, waliponusurika, mwaka uliofuata wakaanza kujenga mji juu ya kilima hicho, ili asije mtu mwingine akakiwekea mizinga. Ukisimama sitahani hakuna haja ya kuelezwa. Unaona mwenyewe nani angempiga nani, na kutoka wapi.

Kama umewahi kuzunguka Ngome ya Yesu, kuta za Valletta hazitakuwa ngeni kwako. Zile pembe zinazochomoza ili kila upande uweze kuulinda upande wa jirani kwa mizinga ni ujuzi wa wahandisi wa Italia wa karne ya 16. Valletta ilipangwa na Francesco Laparelli, aliyetumwa na Papa. Ngome yetu, iliyoanza kujengwa 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitalia aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Mimi nilisimama pale chini ya ukuta nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Kutoka gatini Valletta unatembea kidogo hadi kwenye lifti ya Barrakka, inayokupandisha mita 58 hadi bustani ya juu. Panga uwe hapo saa sita adhuhuri, mzinga hupigwa. Kanisa kuu la St John's lina mchoro wa Mwitalia Caravaggio wa mwaka 1608, kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, na ndio mchoro pekee aliotia sahihi yake, tena aliiandika ndani ya damu inayomwagika. Jumapili wageni hawaingii, kwa hiyo angalia siku kabla ya kujipa matumaini. Mchana, wenzako wakiwa wamejazana Republic Street, wewe teremka majini, panda moja ya zile mashua ndogo za rangi uvuke hadi Birgu. Nauli ni euro chache tu. Vichochoro vya huko vimetulia, nguo zimeanikwa madirishani, wazee wamekaa milangoni. Kati ya Valletta na Birgu, mimi nachagua Birgu.

Kotor ni ya kupanda. Meli inaingia ghubani zaidi ya saa nzima, milima imesimama pande zote mbili, inapenya mlango mwembamba wa Verige, inapita visiwa viwili vidogo mbele ya Perast. Usikubali kuyakosa hayo kwa sababu ya kifungua kinywa. Mji wenyewe ni mdogo, ulikuwa chini ya Venisi tangu 1420 hadi 1797, na ukuta wake unapanda mlimani hadi ngome ya San Giovanni. Ngazi ni kama 1,350. Anza mara tu unaposhuka, kabla jua halijalifikia lile jabali, na ubebe maji kutoka melini. Asiyeweza ngazi asiumie moyo: apande hadi kwenye kanisa dogo la njiani, mandhari ya hapo yanatosha, kisha ashuke akanywe kahawa na paka. Paka wa Kotor ni wengi kama wa Lamu, na wanajiona wenye mji vile vile.

Dubrovnik ndiyo yenye watu. Tangu 2019 mji umeweka kikomo cha meli mbili na abiria 4,000 kwa wakati mmoja, na bado njia kuu ya Stradun inaweza kukubana. Bandari nyingi hutangaza mtandaoni orodha ya meli zitakazoingia siku fulani. Itazame kabla hata ya kuchagua safari. Kutoka Gruž mabasi ya mjini yanakufikisha lango la Pile, ambako kila mtu anajipanga kupanda ukuta. Wewe vuka mji mzima hadi upande wa lango la Ploče, upandie huko. Ukuta una urefu wa mita 1,940, unazungukwa kwa mwelekeo mmoja tu, kivuli hakuna, na tiketi ni zaidi ya euro 30. Inastahili, lakini asubuhi. Ukishuka, toka nje ya Ploče hatua chache uone Lazareti, majengo ya karantini yaliyo kando ya maji. Dubrovnik ilipitisha sheria ya kuwatenga wageni wanaotoka sehemu zenye maradhi mwaka 1377, na inatajwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Sisi abiria wa meli ndio hasa watu ambao sheria ile ilitungwa kwa ajili yao, na bado sikuona abiria hata mmoja pale.

Napoli sitaimaliza hapa. Ngome ya Castel Nuovo iko mbele ya gati, na wachimbaji wa njia ya treni ya chini katika uwanja ulio jirani walikuta meli za wakati wa Warumi zimelala kwenye tope, ishara kwamba bahari ilifika mpaka hapo. Tembea hadi mtaa wa kale wa Spaccanapoli, ule pizza ya marinara. Haina nyama wala jibini, ni nyanya, kitunguu saumu na mafuta, kwa hiyo anayechunga chakula chake halali hana wasiwasi nayo.

Kuhusu msongamano, kuna siri ambayo imenifaa kila bandari. Chakula cha mchana melini kimeshalipiwa, na mtu hapendi kupoteza alicholipia. Ikifika saa saba wengi wanarudi kula. Hadi saa tisa mji unakuwa na nafasi. Nunua mkate na matunda, kaa nao nje.

Beba leso, yaani kanga. Makanisa mengi hayaruhusu mabega wazi, na leso itafunika mabega, itatandikwa ukutani ukichoka, itakukinga jua. Viatu viwe vya soli inayoshika, kwa maana mawe ya Stradun yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza kama yamepakwa sabuni. Simu iweke hali ya ndege ukiwa baharini, mtandao wa meli hutoza fedha za kutisha. Na uwe na saa ya mkono yenye saa za meli. Ukifika Corfu au Piraeus simu itaruka saa moja mbele kufuata Ugiriki, na meli pengine haikubadilisha.

La mwisho ni viza, ambayo waandishi wa Ulaya hawaitaji kwa sababu haiwahusu. Kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania unahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, tena ya kuingia zaidi ya mara moja. Italia, Malta, Ugiriki na Kroatia ziko ndani ya Schengen, Kroatia tangu Januari 2023, lakini Montenegro haimo. Meli ikifunga Kotor umetoka, na ikirudi Dubrovnik unaingia upya; mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kukataliwa kupanda meli siku ya kwanza kabisa. Maombi hupelekwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, nchi ya kwanza kuingia. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ambatanisha ratiba ya meli bandari kwa bandari, na usilipe salio la safari kabla pasipoti haijarudi mkononi mwako.