Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Moreau wa Amani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Muheza. Mimi na mama yako tu wazima, na mvua haikutunyima mwaka huu. Barua yako imenifurahisha. Unauliza: ikiwa Reginald Moreau, yule Mwingereza mtafiti wa ndege, hakusoma chuo kikuu, mbona walimu wenu wanamtaja kila inapofika habari ya ndege wa Afrika? Tena unauliza kama si kwa sababu tu alikuwa Mzungu enzi za ukoloni, ambapo waliokuwa na bunduki na sanduku la posta London ndio ambao ndege walipewa majina yao.

Nianze na hilo la pili, kwa maana ni swali la haki. Ni kweli jina lake limebandikwa kwa ndege wetu. Yule ndege mdogo wa Amani, huko milima ya Usambara, mwenye mdomo mrefu mwembamba, anayejificha kwenye mitambaazi pembezoni mwa msitu, wataalamu humwita Artisornis moreaui. Yuko pia chozi mmoja wa milimani. Na mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimpa ndege wa Uluguru jina la mkewe, Winifred. Wenyeji wa milima hiyo waliishi na ndege hao kabla ya hapo, wala hakuna aliyewauliza. Lakini majina siyo yaliyomweka Moreau vitabuni.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akaingia serikalini kukagua hesabu za jeshi. Ugonjwa wa viungo ulimtesa angali kijana, akahamishiwa Cairo mwaka 1920 apate hewa kavu, na huko jangwani ndiko alikopenda ndege. Mwaka 1928 akaja Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Alikuja kwa kazi za ofisi. Ndege aliwafuata baada ya saa za kazi, akakaa Usambara mpaka mwaka 1946.

Zama hizo, kwa watu wengi, kusoma ndege wa Afrika kulikuwa kumpiga risasi, kumchuna, na kupeleka ngozi makumbusho ya Ulaya. Moreau naye alikusanya ngozi. Ila alitaka kujua ndege aliye hai anaishije: anatoka kiotani saa ngapi, anarudi baada ya dakika ngapi, makinda wanalishwa mara ngapi kwa saa. Haya ni mambo ya kuhesabu, na hapo mkaguzi wa hesabu alikuwa nyumbani.

Wewe umewaona hondohondo wakubwa wa msituni, unajua kelele za mabawa yao. Moreau na Winifred waliandika habari zao mwaka 1941. Jike huingia kwenye tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo ubaki ufa mwembamba. Udongo huo dume huubeba akiwa ameumeza; hutua kwenye tundu la mti, akautoa kooni kidonge kimoja kimoja, jike akapokea na kukandika kwa ubavu wa mdomo. Baadaye matunda nayo huletwa vivyo hivyo, moja baada ya jingine, kwa miezi. Kuyajua hayo lazima mtu akae chini ya mti kutwa nzima, kesho arudi tena.

Kazi ninayoipenda kupita zote ni makala yake ya mwaka 1944 katika jarida la Ibis, kuhusu idadi ya mayai. Ndege wengi wadogo wa huku hutaga mawili au matatu, na jamaa zao wa Ulaya manne, matano, hata zaidi. Kwa nini? David Lack, mtaalamu wa ndege wa Oxford, alilishika swali hilo, akajenga hoja kwamba ndege hutaga kadiri ya makinda atakaoweza kuwalisha, na kwamba mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini humpa mzazi muda zaidi wa kutafuta chakula. Hoja nzuri, ila bundi wanaitia doa: wao huwinda usiku, na usiku wa kiangazi kule ni mfupi, lakini nao hutaga zaidi kule. Wataalamu wanabishana hadi leo, na takwimu za Moreau zimo ndani ya ubishi huo. Ndiyo sababu walimu wako wanamtaja.

Alipostaafu Amani alikwenda Oxford, akawa mhariri wa Ibis hadi mwaka 1960. Kitabu chake cha 1966 kinahusu ndege wa Afrika na visiwa vyake, na jinsi hali ya hewa ya kale ilivyowatawanya. Aliamini misitu ya milimani ilishuka mabondeni wakati wa baridi kuu, ndiyo maana ndege wanaofanana wako kwenye milima iliyo mbalimbali. Waliomfuata wameonyesha kwamba nyakati hizo zilikuwa kavu pia, na msitu hauenei penye ukame, hivyo hapo usimfuate mzimamzima. Kile cha mwisho kilitoka 1972, miaka miwili baada ya kifo chake. Humo alikadiria ndege bilioni 5 wa nchi kavu huja Afrika kila mwaka kukimbia baridi. Hesabu mpya ya 2009 ilipata kama bilioni 2.1. Humo pia alishangaa: ndege hao wakirudi kwao wanapataje mafuta ya mwilini ya kuvukia Sahara, wakati Saheli, ule ukanda wa kusini mwa jangwa, imekauka kabisa? Sehemu ya jibu imo kwenye miti kama mswaki, unaozaa matunda kiangazi.

Sasa nirudi kwenye uchungu wako kuhusu ukoloni. Moreau hakukaa peke yake chini ya viota. Waafrika waliajiriwa kulinda viota na kuandika, na Salimu Asmani alimkusanyia ndege. Bila macho yao takwimu zile zisingekuwepo, na nasikitika kwamba wanafunzi wanatajiwa jina moja tu.

Kwa hiyo nina ombi. Ukifika maktaba, tafuta makala zile za Amani, tazama sehemu ya shukrani, na kila jina la mtu wa huku utakalolikuta uninakilie. Nitawapelekea wazee wa Amani wayasome.

Ni mimi baba yako.